Mrejesho: mtoto aliyekataa titi

Dada zangu, ahsanteni. Niliuliza kuhusu mtoto mchanga anayelia kila akiwekwa titi, maziwa yamejaa hadi matiti magumu, chuchu zimechanika. Sasa ananyonya vizuri.

Chanzo kilikuwa kule kujaa. Duara jeusi linalozunguka chuchu likikaza, chuchu hulala bapa, mtoto hana pa kushika, basi hutafuna ncha tu. Kamua kidogo kwanza kwa mkono: dole gumba juu, cha shahada chini, kama sentimita 3 nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiburure vidole kwenye ngozi. Likishalainika, elekeza pua ya mtoto kwenye chuchu, ngoja apanue mdomo kama anayepiga miayo, kidevu kitangulie. Weusi uonekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Ikiendelea kuuma, tia kidole safi pembeni mwa mdomo umwachishe, uanze upya. Kumchomoa hivi hivi ndiko kunakochana chuchu.

Akisinzia, mwamshe kwanza, ndipo umpe maziwa yaliyokamuliwa kwa kikombe kidogo. Maziwa hayo hukaa nje ya friji kwa muda wa saa 4, lakini hiyo ni joto lisipozidi nyuzi 25. Chumba cha Kisauni, Mombasa, mwezi wa Februari hupita hapo, kwa hivyo tieni frijini mapema.

Maji na asali ya bibi kwa mtoto, hapana, hata bibi akinuna.

Kuanzia siku ya 5, nepi 6 za mkojo kwa siku zaonyesha anashiba. Titi likiwa jekundu na homa ikapanda, nenda hospitali siku hiyo hiyo, huku ukiendelea kunyonyesha.