Naombeni ushauri: nataka kuona kamera za nyumbani Tanga nikiwa Dar

Kijana wa Sahare: Habari za jioni wakuu. Kazi zangu ziko Dar ila kwetu Sahare, bi mkubwa anaishi pale na mpwa wangu tu. Nimefunga kamera na mashine ya kurekodia, afu kuna kompyuta ya zamani ina picha zote za familia. Nikiwa pale kwenye wifi naona kila kitu, nikipanda basi nikifika Segera hola. Fundi mmoja kasema nifungue poti kwenye ruta, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti, mwingine kasema nikifungua nimeibiwa. Mtaani wameshaanza kung'oa pampu za maji usiku, usingizi sina. Nifanyeje kwa usalama na bila gharama kubwa?

Fundi Waya: Poti usifungue mkuu. Kuna programu zinazunguka intaneti nzima saa 24 zikijaribu milango, ukiacha poti za kamera kama 554 au 37777 wazi hazichelewi kukufikia. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilizoa kamera na mashine za kurekodia za watu kwa kujaribu nywila za kiwandani tu, admin admin na wenzake, orodha nzima haikuzidi sana 60. Oktoba 21 jeshi hilo hilo likaishambulia Dyn, kampuni ya Marekani ya DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, Twitter na Netflix zikagoma kwa watu kibao, na wenye kamera wala habari hawana. Dawa ni VPN, yaani njia ya siri kati ya simu yako na nyumbani. Sasa niambie, intaneti ni ya laini au faiba, na ruta yako pale kwenye WAN, yaani upande wa intaneti, inasoma anwani gani?

Kijana wa Sahare: Ruta ya kawaida tu mkuu. Nywila za kamera nilishabadilisha.

Mama Ngamiani: Mwanangu, mamaako umemuuliza? Mie wangu yuko Maskati, akaniwekea likamera jikoni eti usalama. Siku nakaanga samaki zangu simu hiyoo, mama hiyo chumvi mbona nyingi, daktari alisemaje? Nikachukua kanga nikaifunika, na mpaka leo imefunikwa, akipiga namwambia mtandao mbovu.

Baiskeli Mbovu: 😂😂 Mama hiyo ndo faiwoli sasa

Kijana wa Sahare: Bi mkubwa anajua, na ndani sijaweka, ni getini na uani tu. Turudi kwenye mada jamani.

Fundi Waya: Mada ni WAN, sijajibiwa.

Kijana wa Sahare: Inasoma 192.168.1.23

Fundi Waya: Hiyo ni anwani ya ndani. Maana yake ruta yako iko nyuma ya ruta nyingine. Ya nani?

Kijana wa Sahare: Haya. Intaneti ni ya mzee jirani, tunachangia kila mwezi, mi nina karuta kadogo kanadaka wifi yake. Sikutaja kwa sababu sikuona inahusiana vipi. Na kwake nilishaingia, nywila ni ile ya stika iliyobandikwa chini ya ruta, poti nimeshafungua toka kwake mpaka kwangu, nimebakiza tu kujua anwani ikibadilika nitaifuata vipi. Msianze kunisema, yule mzee ruta yenyewe haijui, na idi zote tunakula sahani moja.

Wakili wa Kijiweni: Sahani moja haikupi ruhusa. Soma Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa. Kuchangia bando hakukufanyi mwenye ruta.

Kijana wa Sahare: Nywila ya wifi si alinipa mwenyewe?

Wakili wa Kijiweni: Ya wifi. Ya kubadilisha mipangilio je?

Mtu wa Makorora: Wakuu hii chai. Mwanzo ruta yake, saivi ya jirani. Mwanzo anaomba ushauri, kumbe poti keshafungua. Mi naona hapa hakuna bi mkubwa wala mpwa, kamera ni za huyo mzee na jamaa anataka kuchungulia, mnamfundisha mwizi bure.

Baiskeli Mbovu: Kweli aisee, na mtu wa Tanga gani aandike uzi mzima asitaje baiskeli. Wamechomekea Segera tu tuamini.

Kijana wa Sahare: Kwa hiyo niwapigie picha kadi ya kliniki ya bi mkubwa??

Fundi Waya: Chai au si chai, njia ninayompa haimfai mwizi, maana lazima ukae mbele ya kompyuta iliyomo ndani ya hiyo nyumba. Weka Tailscale, programu ya VPN, kwenye ile kompyuta ya zamani na kwenye simu yako, akaunti moja, uthibitisho wa hatua mbili uwashe. Kwa matumizi binafsi ni bure. Ndani yake inatumia mfumo wa VPN uitwao WireGuard, vifaa vyenyewe ndo vinapiga kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo ruta mbili si tatizo na poti hata moja hufungui. Kompyuta uiweke ipitishe mtandao wa karuta kako, kamera utazikuta kwa anwani zile zile za nyumbani. WireGuard tupu nayo nzuri ila inataka ufungue poti, kawaida 51820, na ruta siyo yako. Tena kama mzee anatumia laini, WAN yake ikianzia 100.64 mpaka 100.127 ujue anwani anachangia na wateja wengine, hizo poti ulizofungua hazikufikishi popote.

Kijana wa Sahare: Kompyuta iwake muda wote? Bi mkubwa radi ikilia kidogo anachomoa nyumba nzima, na LUKU je?

Fundi Waya: Muda wote. Ukipata hela nunua Raspberry Pi, kakompyuta kadogo, inakula wati chache tu. Ila kwanza poti za mzee umefunga?

Kijana wa Sahare: Ntafunga wikiendi nikishuka.

Mtu wa Makorora: Mnaona?

Mama Ngamiani: Wikiendi ya nini, huyo mpwa hana simu? Aende kwa huyo babu saivi, umwelekeze kwa video abonyeze wapi.

Kijana wa Sahare: Yuko madrasa mpaka saa kumi na mbili. Afu babu akiuliza umekuja kufunga nini, aseme nini?