Kikundi cha Ukoo: imeli ya Shangazi Rehema

Shangazi Rehema: Jamani, benki wameniandikia imeli. Akaunti yangu inafungwa ndani ya saa 24 nisipohakiki taarifa. Nembo ni yao kabisa, picha hiyo hapo.

Idi: Shikamoo shangazi. Usibonyeze kitu kwanza.

Shangazi Rehema: Marahaba. Mbona jina la benki lipo pale juu?

Idi: Hilo mtu anajiandikia atakalo, hata mimi naweza kujiita Gavana. Liguse, anwani yenyewe itatokea. Nitumie inavyosomeka baada ya @.

Shangazi Rehema: Jina la benki, halafu .co.tz.hakiki-akaunti.com. Si .co.tz hiyo hapo?

Idi: Anzia mwisho urudi nyuma. Mwenyewe ni hakiki-akaunti.com, hayo ya mbele ni mapambo. Daladala ubavuni imeandikwa Posta, kibao cha mbele kinasema Mbagala. Utashukia wapi?

Mama Tunu: 😂 Mimi nikifungua ukurasa naangalia kile kikufuli tu, kikiwepo naendelea.

Idi: Mama mdogo, kikufuli kinazuia watu wa njiani wasichungulie. Hakisemi uliyemfuata ni nani. Hata mwizi kwake anafunga mlango.

Shangazi Rehema: Idi

Shangazi Rehema: Nilishabonyeza asubuhi. Nikaweka namba ya kadi na pasiwedi. Wakataka na zile namba sita zilizokuja kwa meseji.

Idi: Ukawapa???

Shangazi Rehema: Maziwa yalikuwa yanafurika jikoni. Nikakimbilia huko, nikasahau.

Mama Tunu: Alhamdulillahi kwa hayo maziwa

Idi: Shangazi, geuza kadi ya ATM, upige namba iliyo nyuma yake. SI ile ya kwenye imeli. Waambie wafunge kadi na huduma ya mtandaoni sasa hivi. Na kama pasiwedi hiyo hiyo ndiyo ya imeli yako, ibadilishe na huko.

Mjomba Salum: Wapendwa, michango ya harusi ya Mwanaidi mwisho Ijumaa.

Mama Tunu: Kaka Salum, subiri kidogo jamani.

Shangazi Rehema: Nimeongea nao. Kadi imefungwa, hela ipo yote. Kesho niende tawini na kitambulisho. Yule binti wa kwenye simu pasiwedi hakuniuliza kabisa.

Idi: Na hata angeuliza, usingempa.

Mjomba Salum: Hebu ngojeni. Nimefungua imeli yangu, na mimi nafungiwa akaunti ndani ya saa 24. Benki hiyo sijawahi kuingia hata kujikinga mvua.