Gari la nne kwenye foleni ya hidrojeni linasubiri nini?

Mchoraji:
Wakuu, nachora kituo kidogo cha kujazia hidrojeni magari ya abiria, presha ya baa 700. Wauza mitambo wanasema kilo 5 zinaingia kwa dakika 3 hadi 5. Nikapiga hesabu: magari 12 kwa saa. Bosi kafurahi, mimi silali. Nimekosea wapi?

FundiKompresa:
Mkuu, dakika 5 hizo ni za gari la kwanza. Miaka sita nafungua na kufunga kompresa hizi, mashine za kubana gesi, nakwambia kwa uzoefu. Gesi haisukumwi kama petroli. Inamiminika yenyewe kutoka mitungi ya akiba iliyojazwa hadi baa 900 hivi, kwa kuwa presha ya mitungi imeizidi ya tangi. Gari la kwanza likiondoka, mitungi imeshapungua nguvu. La nne linakuta presha zinakaribia kulingana. Dereva anakodolea skrini macho huku kompresa inahema.

Waulize wauzaji: kompresa inapandisha kilo ngapi kwa saa? Wakisema 10, una magari mawili kwa saa. Yanayozidi hapo umeyakopa kwenye mitungi, na deni lazima lilipwe kabla foleni haijarudi.

Halafu kipozeo. Gesi ikibanwa ndani ya tangi inapata moto, na tangi halitakiwi kupita nyuzi 85, ndiyo maana inapozwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri kabla ya kuingia. Unyevu wa hewa unagandisha nozeli, ule mdomo wa bomba la kujazia, inanasa kwenye gari. Nimewahi kusimama na mama mmoja tukingoja imwachie gari lake, mwisho tukaishiwa na mazungumzo.

Mchoraji:
Kwa hiyo niweke kompresa moja kubwa?

FundiKompresa:
Hapana! Mbili ndogo. Sili, zile pete za kuzuia gesi isivuje, zinachakaa haraka. Kituo changu cha kwanza kilikuwa na kompresa moja. Sili ikapasuka Ijumaa, kipuri kikaja baada ya wiki tatu. Magari yakalala.

Spana19:
Na boliti, jamani. Juni 2019 kituo cha Kjørbo, Norwei, kililipuka. Uchunguzi ulikuta boliti za kizibo cha tangi la presha kubwa hazikukazwa sawasawa, gesi ikavuja. Andika kwenye mchoro nani anakaza na nani anahakiki.

Mchoraji:
Nimempelekea bosi hesabu mpya, magari mawili kwa saa. Ameuliza kama nimekunywa.