Kano ya bega iliyochanika: upasuaji au mazoezi tiba?

Fundi rangi, Morogoro (mwenye swali)

Ndugu wanajamvi, salaam. Nina umri wa miaka 57 na kazi yangu ni kupaka rangi majengo, kazi inayomtaka mtu ainue mkono juu ya kichwa karibu kutwa nzima. Maumivu ya bega la kulia yalianza polepole, bila kuanguka wala kugongwa, yakazidi hadi siwezi tena kulalia upande huo. Kipimo cha MRI kimeonyesha kwamba kano ya supraspinatasi, ile inayopita juu ya bega na kusaidia kuinua mkono, imechanika unene wake wote kwa upana wa sentimita 1.5, na kwamba msuli wake bado haujaingiwa na mafuta. Mkono unapanda hadi juu, ila kwa maumivu na bila nguvu. Daktari mmoja ameshauri upasuaji wa matundu, yaani kuishona kano kupitia vitundu vidogo kwa msaada wa kamera, mwingine amesema nianze na mazoezi tiba. Naomba waliopitia hali hii wanieleze jambo hili hupimwa vipi.

Mtaalamu wa mazoezi tiba, Moshi

Pole sana, ndugu. Kabla ya kuuliza kano imechanika kwa kiasi gani, ni lazima kuuliza imechanika kwa njia gani. Aliyekuwa na bega zima, akaanguka, na tangu saa hiyo mkono ukakataa kuinuka, anapaswa kuonwa na daktari wa mifupa mapema, kwa sababu kano iliyokatika ghafla hurudi nyuma na msuli wake hunywea kadiri miezi inavyopita. Mchaniko uliotokana na uchakavu, kama wako unavyoelekea kuwa, ni jambo jingine. Wapo wazee wengi wenye kano zilizochanika ambao hawajawahi kulalamika bega, kwa hiyo picha peke yake haitoshi kumpeleka mtu chumba cha upasuaji.

Nchini Marekani, kundi la watafiti liitwalo MOON liliwafuatilia watu zaidi ya 400 wenye mchaniko wa unene wote usiotokana na ajali, wote wakianzishiwa mazoezi tiba. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, baada ya miaka 2 walioishia kufanyiwa upasuaji hawakufika robo, na wengi wao walifanya uamuzi huo ndani ya wiki 12 za mwanzo. Ieleweke kwamba mazoezi hayaungi kano. Bega huzungukwa na kano 4 zinazokibana kichwa cha mfupa wa mkono kikae mahali pake, na mazoezi huzifundisha zile zilizo nzima, pamoja na misuli inayolishikilia kombe la bega, kuibeba kazi ya ile iliyochanika.

Dereva wa bodaboda, Nakuru

Mzee wangu, pole. Mimi niko upande wa upasuaji, lakini yangu ilikuwa ajali: nilitupwa barabarani, na nilipoinuliwa mkono haukunyanyuka hata kidogo. Nilishonwa mapema na leo ninafanya kazi. Ninachotaka ukijue ni kwamba upasuaji haumwondolei mtu mazoezi. Nilivaa slingi, kile kitambaa cha kuuning'iniza mkono shingoni, wiki 6, usiku na mchana, huku mtaalamu akiuinua mkono wangu nami nikiwa nimekatazwa kutumia nguvu zangu mwenyewe, kwa sababu uzi unaweza kuachia kabla kano haijashika kwenye mfupa. Kuvaa shati, kuoga, hata kufunga kamba za viatu, yote yalihitaji mtu wa nyumbani. Mazoezi ya nguvu yalianza baada ya miezi 3, na mizigo mizito niliruhusiwa baada ya miezi 6. Anayekwenda kushonwa akidhani ataikwepa safari ya kliniki ya mazoezi, amedanganyika.

Muuguzi mstaafu, Tanga

Nakubaliana na mtaalamu, ila kuna jambo amelipita kwa haraka. Mchaniko usioshonwa unaweza kukua bila maumivu kuongezeka, na msuli ukishaingiwa na mafuta, mafuta hayo hayaondoki hata kano ikishonwa baadaye. Watafiti wa Norway waliwalinganisha watu 103 wenye michaniko isiyozidi sentimita 3, wengine wakashonwa na wengine wakapewa mazoezi. Baada ya miaka 10, walioshonwa walikuwa na hali bora, na baadhi ya wale wa mazoezi walikuwa wamelazimika kushonwa hatimaye. Kwa upande mwingine, utafiti wa Finland wa watu waliozidi miaka 55, ambao michaniko yao haikutokana na ajali, haukuona tofauti ya maana katika miaka 2 ya mwanzo. Ndugu yetu ana miaka 57, yuko hapo katikati kabisa, na hiyo ndiyo sababu madaktari wake wawili wanaweza kutofautiana bila mmoja wao kuwa mzembe.

Nikuulize pia: una kisukari? Unavuta sigara? Vyote viwili huchelewesha kano kushika, na kisukari huleta hata bega kukakamaa. Kuhusu sindano ya steroidi, inatuliza maumivu kwa muda, lakini kuirudia mara kwa mara kunadhoofisha kano, na ikichomwa karibu na siku ya upasuaji inaongeza hatari ya maambukizi.

Mtaalamu wa mazoezi tiba, Moshi

Dada yangu ameniongezea vema, na hoja yake inanifanya niseme wazi kwamba kuanza na mazoezi hakumaanishi kulisahau bega. Mazoezi yawe na msimamizi, yafanywe pia nyumbani kila siku, na yapewe wiki 12. Kisha bega lipimwe upya kwa nguvu na kwa maumivu ya usiku, na baada ya miezi kadhaa ultrasaundi ionyeshe kama mchaniko umetanuka. Ukitanuka, au nguvu ikipungua, rudi kwa daktari wa mifupa bila kusubiri.

Mke wa fundi magari, Dodoma

Nyongeza fupi kuhusu gharama. Mnapouliza bei ya upasuaji wa matundu, iwe ni pale MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam au kwingine, ulizeni kama imejumuisha vishikizo vinavyofungwa kwenye mfupa, slingi, na kliniki za mazoezi za miezi inayofuata. Bima nayo iulizwe kwa kila kimoja. Sisi kilichotuelemea zaidi ni miezi ambayo mume wangu hakuingiza chochote.

Fundi rangi, Morogoro

Nawashukuru nyote. Kisukari sina, sigara niliacha zamani. Hilo la kipato limenigusa, maana watoto wawili bado wako shule. Nitaanza mazoezi wiki ijayo, kazi za dari nitampa kijana wangu, mimi nipake kuta kwa mkono ulio chini ya bega. Baada ya wiki 12 nitarudi kwa daktari aliyeshauri upasuaji, nikiwa na picha ya MRI na maelezo ya mtaalamu, nimwombe anieleze kama nafasi ya kushona bado ipo.