Toyota Avalon kama gari la kila siku, inafaa?

Wakuu nina watoto watatu, nataka sedan kubwa ya kazini na shule kila siku, naiangalia Avalon ya 2019 yenye V6 (injini ya silinda sita), je mafuta haitanimaliza?

Jibu 1: Mkuu chukua haibridi (inayotumia petroli pamoja na mota ya umeme), ile ya lita 2.5 inakupa kama kilomita 18 kwa lita, V6 ya lita 3.5 inacheza kwenye 11 hivi na kwenye foleni inashuka zaidi.

Jibu 2: Gari ina karibu mita 5 hiyo, kupaki ni shughuli. Ila nyuma miguu inakaa raha sana! Wewe nenda na viti vya watoto uvijaribishe vyote vitatu kabla hujalipa, pale katikati pembamba.

Muuliza: Asanteni, haibridi basi, na viti nabeba.