KANIZIMIA MAIKI! Eti mimi Roma ningelala "kitanda cha chini"

Wakuu, mikono inatetemeka kwa hasira, nikikosea herufi mnivumilie.

Mnamjua. Simtaji. Yule yule wa "mimi nimesoma Kilatini", mwenye mjadala wa sauti kila Jumapili usiku. Leo mada ilikuwa maisha ya vigogo wa Roma. Saa nzima anatulisha eti machawa wa Kirumi, wale clientes, waliishi kifalme, sahani moja na bosi, divai ile ile. Nikanyoosha mkono. Dakika 40 mkono uko juu kama nasimamisha daladala! Napewa nafasi, nasema tu "Mwalimu, Plinius Mdogo kwenye barua zake..." Akanikata: "Kijana, wewe ungekuwepo Roma ungelala kitanda cha chini kabisa." Watu wakaangua kicheko. Sijavuta pumzi, KANIZIMIA MAIKI.

Kanizimia maiki, wakuu!

Nilitaka kusema hivi: Plinius, mwandishi wa Kirumi, alialikwa chakula kwa jamaa mmoja, akakuta divai imegawanywa kwenye vichupa vya aina tatu. Kimoja cha mwenye nyumba na wageni wa maana, kingine cha marafiki wa daraja la chini, cha tatu cha watumwa walioachwa huru. Chakula vilevile, kizuri kwa wachache, wengine vipande vya ovyo. Wa jirani yake akamuuliza, wewe kwako unafanyaje? Akajibu, nawapa wote kitu kimoja, na si kwamba wao wanakunywa divai yangu, mimi ndiye nakunywa yao. Sasa sahani moja iko wapi hapo? Chawa wa watu kaamka alfajiri, kajizungushia toga nzito ya sufu, kapanga foleni mlangoni kumwamkia bosi, kapewa visarafu 100 vya shaba, jioni anawekewa divai ya kutenganishwa. Huo ndio ufalme?

Na hicho kitanda! Chumba cha kulia kilikuwa na vitanda vitatu, watu watatu kila kimoja, mnakula mmelala, mnaegemea kiwiko cha kushoto. Kitanda cha chini, lectus imus, ndicho alicholala MWENYE NYUMBA. Kanitukana kwa kunipa nyumba, na wala hajui! Na siwezi kumwambia, maiki kaizima!

Bibi Karafuu: Pole mjukuu wangu. Dakika 40 ni nyingi, mkono si bendera.

Mbagala Kuu: Tulikuwepo mkuu. Tulisikia "Mwalimu, Plii..." kimya. Bando limekuishia, unamsingizia mtu.

Mleta mada: Bando ninalo GB 3! KANIZIMIA!

Sufuria Nyeusi: Kwenye kitanda uko sahihi, mgeni wa heshima alikaa cha kati, pembeni kabisa, jirani na mwenyeji. Ila mimi kinachoniua ni wanaosema vomitorium ni chumba cha kutapikia. Ni njia za kutokea watazamaji kwenye kumbi za michezo! Watu wanarudia upuuzi huo kila mwaka!

Mbagala Kuu: Seneca, yule mwanafalsafa wa Kirumi, si aliandika wanatapika ili wale, wanakula ili watapike?

Sufuria Nyeusi: Kutapika walitapika. Chumba hawakujenga!

Ndoo ya Chumvi: Nyie mna nafuu. Mimi nilitengeneza garum, ile mchuzi ya samaki waliyotia kila kitu. Matumbo ya samaki, chumvi, ndoo juani. Wiki ya pili mwenye nyumba kanipa notisi, wapangaji wote wamehamia upande wa barabarani. Kodi yangu ya miezi sita nani atanirudishia?

Bibi Karafuu: Uliifunika?

Ndoo ya Chumvi: Kwa kanga.

Bibi Karafuu: Kanga! Mtoto wewe.

Mleta mada: Wakuu, na maiki yangu?

Mbagala Kuu: Ungetumia dagaa, harufu ingepungua.

Ndoo ya Chumvi: Dagaa wa wapi?

Mbagala Kuu: Wa Kigoma. Wa Mwanza wana mchanga.

Sufuria Nyeusi: Nani kasema wa Mwanza wana mchanga? Rudia hapa!