Simu imeibwa, halafu namba ya uthibitisho wanaituma kwenye simu hiyohiyo!

Wakuu, mnivumilie, leo naandika na hasira zangu.

Juzi nimechomolewa simu mfukoni. Siililii simu yenyewe, ilikuwa na kufuli. Nikaazima kompyuta nifute vilivyomo kwenye simu kwa mbali. Nywila nikaiweka sawasawa, mtandao ukanijibu: "Tumetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako." Simu ipi? Aliyonayo mwizi! Mwenye nyumba nimefungiwa nje, kibaka ndiye anakabidhiwa funguo.

Nikapiga huduma kwa wateja wafunge laini. Muziki dakika 40. Alipopatikana mhudumu, ananiuliza namba tatu za mwisho nilizopiga. Dada yangu, nani siku hizi anakariri namba? Ziko kwenye simu!

Muda wote huo jamaa ameshachomoa laini, kaiweka kwenye kitochi, meseji zote zinaingia kwake. Akabadilisha nywila ya barua pepe, na ukishashika barua pepe ya mtu umemshika mzima, maana kila "umesahau nywila?" inaishia humo. Asubuhi shemeji ananiuliza mkopo nitarudisha lini. Mkopo gani?

Kosa langu nalikubali: laini haikuwa na PIN, yaani namba ya siri ya kuifunga laini yenyewe. Nilidhani kufuli la kioo linatosha, kumbe laini ikihamia simu nyingine kufuli hilo haliifuati. Ingekuwa na PIN, angekosea mara 3 ingedai PUK, namba ya kuifungulia laini yenye tarakimu 8, angekwama hapo. Mbona wanapotuuzia laini hawasemi? Matangazo ya vifurushi usiku wa manane wanayaweza!

Na msije na "funga IMEI", ile namba ya utambulisho wa simu. IMEI ikifungwa simu haishiki mtandao wa laini, lakini picha na nyaraka zangu zimo vilevile. Hiyo amri ya kufuta nayo inasubiri simu ipate intaneti, wakati simu kibao unaziweka hali ya ndege bila hata kufungua kufuli. Aliyepitisha hilo alikuwa anafikiria nini?

Leo ndio nimechoka kabisa. Meseji imeingia kwa mke wangu: "Simu yako imepatikana, bonyeza hapa uweke nywila." Wanataka niwafungulie wenyewe ili waiuze vizuri!

Kuna aliyewahi kurudishiwa barua pepe baada ya namba ya kurejeshea kubadilishwa? Fomu yao imenikataa mara ya nne sasa.